Swali Nililolimeza Ufukweni

Nilipokuwa kijana nilikuwa msumbufu mezani. Nikikaribishwa chakula nje ya nyumba yetu pale Shinyanga, kabla mkono haujagusa maji nauliza: "Nani kachinja?" Nilimwuliza mwalimu wa misheni. Nilimwuliza jirani aliyetuletea mguu wa mbuzi kwa wema wake. Hata bibi harusi mmoja nilimwuliza, siku ya harusi yake. Baba yangu, mwuza kanga aliyetoka pwani, ndivyo alivyonilea: nyama isiyochinjwa na Mwislamu ni nyamafu, basi. Nami nilijiona mcha Mungu kweli kweli. Leo najua nilipenda tu kuonekana.

Kazi yangu ilikuwa cherehani, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni. Msimu wa pamba ukiisha wateja hupungua, kwa hiyo mimi na rafiki zangu wawili tulijipa siku kumi za kustarehe ziwani. Mmoja alikuwa Msukuma, mpakizi wa mizigo stesheni, kicheko chake kinasikika hadi sokoni. Wa pili alikuwa Mzinza, mwashi, na ndiye mwenyeji wetu, maana kwao ni ufukweni kabisa, upande wa Geita. Tulipanda lori la pamba hadi lilipogoma, tukamalizia kwa miguu. Ulikuwa mwaka wa pili tunakwenda, na mimi sikufuata maji. Nilimfuata dada yake mwashi.

Mwaka wa kwanza nilimshonea gauni kwa mkono, mishono midogo midogo, na neno la maana sikumwambia. Safari hii nilikuwa nimenuia: nikiona dalili kwamba ananitaka, nikirudi tu namwomba baba atume washenga. Dalili moja ingenitosha.

Kwao nilikula ugali kwa samaki kila siku. Samaki hana mchinjaji. Nyama ikiletwa najifanya siioni, navuta bakuli la samaki karibu. Pale tu, duniani kote, sikuuliza swali langu. Nilitaka kupendwa, na mtu anayetaka kupendwa huwa na adabu za ghafla.

Siku ya tano asubuhi sikumwona yule binti. "Kaenda kuni," kaka yake alisema, akamtazama Msukuma, wakacheka. Alasiri wakaniambia twende tukaoge upande wa mawe, eti kule maji hayana matope. Mimi ninayeogopa mamba nikafuata. Tulipofika, Msukuma akasema kasahau sabuni. Mwashi akasema atamsindikiza kuitafuta. Tangu lini sabuni inatafutwa na wanaume wawili? Nikazunguka jiwe kubwa, nikamkuta.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mchangani, amevaa lile gauni langu. Pembeni yake chungu, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Kwa furaha nikasahau hata kumsalimu.

"Karibu ukae," alisema. "Nimekupikia mimi mwenyewe."

Akaondoa jani. Kuku. Ni lazima nieleze kwamba kwao, miaka ile, mwanamke hali kuku wala haonji mchuzi wake, kwa hiyo chumvi ile aliitia kwa kubahatisha. Juu kabisa aliweka firigisi. Firigisi hapewi mpita njia. Hupewa baba mwenye nyumba, au mkwe anayetakiwa. Binti wa watu alikuwa amenitangulia kusema.

Ndiyo hiyo dalili niliyoiomba. Nami nikaanza kuendesha kesi kichwani: nyumbani kwao yuko kaka yake, yuko mjomba wake, hakuna Mwislamu hata mmoja. Basi huyu ni nyamafu. Nimwulize? Nitamwaibisha. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwamba nina huruma.

Akafungua mdomo kutaka kusema kitu, midomo inatetemeka kama ya mwanafunzi anayekumbuka somo. Nikamuwahi.

"Ahsante sana, dada. Lakini nimeshiba. Viazi vya asubuhi bado vimenikaa tumboni."

Neno "dada" lilinitoka lenyewe. Niliona lilivyompata.

"Hata firigisi?"

"Hata firigisi."

Akarudisha jani pole pole, akalibana pembeni lisipeperuke. Mimi, kwa kukosa pa kutazama, nikatazama miguu yake. Ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini. Nikasema moyoni, kuni zenyewe kazifuata mbali. Kisha nikaongea habari za mawingu, Mungu anisamehe. Alinisikiliza kidogo, akajitwika chungu chake, akaenda. Siku zote zilizobaki alinisalimu vizuri tu, kama anavyosalimiwa mgeni.

Njiani tukirudi, mwashi alisema, "Ukikataa chungu umemkataa mpishi. Ungetuambia mapema, asingejisumbua."

"Nilikuwa nimeshiba," nikasema. Hata kwake sikusema ukweli. Nilijiambia mwaka ujao nitarekebisha. Nguo iliyokosewa hufumuliwa ikashonwa upya. Hayo ni mawazo ya fundi cherehani.

Mwaka uliofuata nilifunga cherehani juu ya baiskeli, nikaenda peke yangu. Niliona nipite kwanza kwenye vilima vya Geita, nishone suruali za wachimba dhahabu siku mbili tatu, kisha niteremke ziwani nikaseme yote. Kambini nilimkuta mzee mmoja Mnyamwezi, mwenye kofia na tasbihi, anauza chai na maandazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi na cherehani?"

"Shinyanga."

Akaniangalia vizuri. "Fundi wa Shinyanga! Si ndiye wewe uliyekuwa mgeni wa Wazinza kule ziwani mwaka jana?"

Nikaitikia, nikishangaa.

"Alikuja hapa binti wa kwao, asubuhi, kuku kwapani. Alitoka alfajiri, kwa miguu. Akaniambia, 'Baba, mgeni wetu, fundi wa Shinyanga, ni mtu wa msikiti. Hasemi, ila nimeona hagusi nyama ya kwetu. Nichinjie mnavyochinja ninyi.' Nikamchinjia. Akataka nimfundishe na la kusema anapokaribisha. Nikamfundisha bismillahi. Aliirudia njia nzima akishuka kile kilima, mpaka sikumsikia tena." Mzee akacheka kwa raha. "Haya, kuku alikuwaje?"

"Mtamu, mzee," nikasema. "Mtamu sana."

"Sasa mbona hukuposa, mwanangu? Ng'ombe wa mahari yake wamepita hapa mwezi uliopita, wanapelekwa kwao."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya kwangu hayakungoja hata nioe. Niliinama kufungua cherehani, nikaona miguu yangu: vumbi jekundu hadi magotini.

Sikuteremka ziwani. Nilishona suruali za watu siku tatu, nikarudi mjini.

Nimewauliza watu wengi maishani mwangu nani kachinja. Yeye alitembea tangu alfajiri kwenda kunitafutia jibu, na ndiye peke yake ambaye sikumwuliza.