Soko Lisilo na Baba Mkwe

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya dirisha la leseni mjini Nyamira, msichana aliyeolewa karibuni aliomba kibali cha kuuza ndizi katika soko la Ikonge, nyumbani kwa mume wake. Mama mmoja, mchuuzi wa siku nyingi, akamshika kiwiko.

"Mwanangu, Ikonge usithubutu. Baba mkwe akija kuuliza bei ya mkungu, utabishana naye?"

"Aa, mama! Hata kumtazama usoni siwezi."

"Na wazee wa rika lake je? Wote ni baba mkwe. Kila mmoja atataja bei yake, nawe utaitikia 'ndiyo, baba' hadi kibanda kifungwe. Changu kilifungwa hivyo. Sasa nauza soko la Nyansiongo; huko sina mkwe, napigania bei hata na pasta."

Karani akakohoa. "Mama, unamshauri mteja wangu?"

"Namshauri msichana niliyekuwa mimi zamani. Huyu anasikia tu."

Msichana akacheka, kisha akageukia dirisha. "Niandikie Nyansiongo."

"Sababu ya kubadilisha soko?"

"Heshima."

Karani, mzaliwa wa huku huku, aliwaza kidogo, akaandika "sababu za kibiashara". Sijawahi kuona ofisi ya serikali ikisema kweli kwa maneno machache hivyo.