Barua za Mwinjilisti Aristides

Kabla hajawa mmisionari, Aristides alikuwa fundi wa viatu vya mitumba pale Mchikichini. Kiatu kilichoachama soli alikishona, akakifua, akakipiga rangi, na mteja akaapa kimetoka dukani. Mkewe Severa aliuza mashuka hatua chache kutoka hapo. Kisha Aristides akaokoka, na alipookoka aliokoka kwelikweli, si mchezo. Sukari aliyougua miaka sita akaitangaza mbele ya kanisa kuwa imekwisha, dawa akazimwaga chooni. Watu wakapiga vigelegele. Severa naye alipiga, jamani, angefanyaje?

Kanisa lao, lile la ghorofani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, likamtuma Kongo kuhubiri, kijiji kimoja karibu na Likasi ambako simu haishiki. Ikawa ni barua. Alizileta Twaha, dereva wa lori linalopakia mizigo bandarini na kuipeleka huko, na kanisa lilikuwa na utaratibu wake: barua ya mmisionari haifunguliwi nyumbani. Mchungaji Marcelino anaisoma madhabahuni Jumapili, watu wanaitikia amina, ndipo mke anakabidhiwa. Yaani mke wa mtu anasikia habari za mumewe siku moja na mpiga kinanda!

Halafu mlokole wa kanisa lile hasemi anaumwa. Akisema hivyo amempa shetani nafasi. Homa imtetemeshe mpaka kitanda kilie, yeye anakiri uzima: nimepona.

Barua ya kwanza ilisema watu kumi na mmoja wamebatizwa, na kidonda kidogo cha kidoleni kimepona. Ya pili ikasema ukuta wa kanisa umefika madirishani, na mguu umepona. Ya tatu: mguu umepona kabisa, haleluya! Kanisa zima likasimama kushangilia. Severa alibaki kitini. Mtu aliyepona haandiki kila mwezi kwamba amepona.

Akamfuata mchungaji ibada ilipokwisha.

"Baba mchungaji, mrudisheni mume wangu. Anaumwa yule."

"Mama Yona, mwenyewe anakiri uzima, wewe unamkiria kifo? Nenda kaombe toba."

Toba! Severa alishuka ngazi kwa hasira, akaenda moja kwa moja dukani kwa Salem, Mwarabu wa vitenge ambaye mzigo wake ulisafiri na lori la Twaha. Kwa bahati akamkuta Twaha mwenyewe anakunywa kahawa.

"Kaka Twaha, wewe umemwona. Niambie ukweli."

Twaha akamtazama Salem, Salem akainamisha kichwa.

"Dada, mguu ule unanuka," akasema Twaha. "Umekuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Nilikaa naye dakika tano nikatamani kutoka nje."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akanong'ona Salem. "Mwandikie, mwanangu. Mwambie arudi."

Lakini Severa alimjua mumewe. Ungemwambia rudi kwa sababu unaumwa, angekukemea wewe pamoja na ugonjwa. Kwa ajili yake mwenyewe Aristides asingerudi. Kwa ajili ya mkewe, huenda. Basi akaomba kalamu pale pale, akaandika uongo, yeye ambaye hata bei ya shuka alikuwa haongopi: "Baba Yona, nina uvimbe kwenye titi, wanataka kunipasua. Njoo, usichelewe." Akambana Twaha aape kwamba barua hiyo haitapita kanisani.

Wiki tano hakulala sawasawa. Kila lori lililoguruma Msimbazi alishtuka. Siku Salem alipompigia simu kwamba Twaha amerudi, aliacha mashuka yake bila hata kuyafunika akakimbia. Twaha alikuwa peke yake. Akampa bahasha bila kumtazama usoni.

"Mke wangu mpenzi," Aristides ameandika, "nimefunga na kukesha usiku kucha kwa ajili yako. Nilimwambia Bwana, ukimponya Severa nitajua na mguu wangu umepona. Na Bwana amenijibu. Umepona! Usikubali kisu chao. Na mimi changu nimekikataa."

Severa akasoma mara ya pili.

"Kisu gani?" akauliza. "Twaha, kisu gani?"

Salem akamvutia kiti. Severa hakukaa.

"Nilimkuta hospitali Likasi," Twaha akasema. "Wanakijiji walimbeba wakampeleka, wakamsihi wee mpaka akalainika. Daktari alisema mguu ukikatwa ataishi, usipokatwa wiki mbili ni nyingi. Walikuwa wamkate kesho yake asubuhi."

"Wamkate, na yeye anasemaje?"

"Alikuwa amekubali, dada. Karatasi alishaitia sahihi, niliiona kwa macho yangu, iko pale juu ya meza."

"Sasa ikawaje?"

Twaha akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo nikampa barua yako."