Wekundu wa Visiwa Viwili

Mama yangu alianza kushona bendera za taifa kabla sijazaliwa, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Makole. Nimekulia katikati ya vitambaa vya kijani, vyeusi, vya njano na vya bluu. Nilipokuwa mdogo nililala juu ya mabaki yake, na mpaka leo nikisinzia mchana naona rangi hizo kwanza.

Miaka michache iliyopita, Agosti yenye upepo na vumbi, dada mmoja wa ofisi ya serikali alituletea picha ya bendera.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitaka bendera ya Saint Kitts na Nevis, nchi ya visiwa viwili huko Karibea, kwa ajili ya wageni wa Ijumaa. Mama aliisogeza picha hadi karibu na pua, akacheka.

"Mbona hii ni yetu?"

Ilikaribia kuwa yetu kweli. Kijani juu, mkanda mweusi wa mshazari, kingo za njano. Ila chini palikuwa na nyekundu badala ya bluu, na kwenye ule mkanda mweusi nyota mbili nyeupe. Mama hashoni asichokielewa, kwa hiyo yule dada akasoma maana kwenye simu: kijani ni rutuba ya ardhi, njano ni jua, nyeusi ni asili yao ya Afrika, nyota ni matumaini na uhuru.

"Na nyekundu?"

"Mapambano yao, mama. Kutoka utumwani mpaka uhuru."

Mama akaiweka picha mapajani. Bibi yake alimsimulia misafara ya watumwa iliyokatiza huku kwetu Ugogo kuelekea pwani. Mgeni wetu alipoondoka nilimwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba hao wa Karibea wengi walitokea upande mwingine wa Afrika.

"Sawa," akasema. "Lakini nao walitembea."

Siku mbili nilizokata na kupiga pasi zile nyota, nusu yangu ilikuwa huko visiwani. Niliviona vilima vya kijani vimezungukwa na maji, na mwanamke kama mimi amekunjua bendera yetu, anashangaa kwa nini tumeweka bluu mahali pa wekundu wao. Nilimpenda bila kumjua.

Alhamisi mchana mama alimaliza kushona, akaenda sokoni kutafuta mboga ya mlenda. Nikakunjua bendera niipige pasi. Chini ya mkanda mweusi palikuwa na bluu. Kitambaa chekundu kilikuwa bado mezani, kimekunjwa vilevile.

Kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia yule dada, nikayakasirikia macho ya mama, ambayo alitukataza kabisa kuyazungumzia. Alikuwa akitafuta tundu la sindano kwa kidole, na ole wako umsaidie. Hasira ilipopoa nikaogopa. Nikimwambia, ataiacha cherehani, na mimi sikumjua mama asiyekuwa na cherehani. Nikafumua bluu, nikashona nyekundu haraka haraka, nikaificha ile bluu chini ya mto wa kiti.

Mama aliporudi alipitisha kidole kwenye mshono, kama afanyavyo siku zote kabla ya kukunja. Kidole kikasimama.

"Huu si wangu."

Nikamweleza yote, hata mto wa kiti. Aliketi na bendera mapajani, asiniangalie.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kushona."

"Mikono imezoea bluu," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Na macho hayakuikataza." Akaupapasa ule wekundu. "Watu wametembea kote kule, halafu mimi ninawafutia njia."

Akachukua wembe, akafumua mshono wangu wote, taratibu. Aliuweka wekundu mahali pake, akasogeza kiti hadi kwenye cherehani. Kisha akaninyooshea ncha ya uzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwangu.

"Nitungie," akasema.