Bibi Aliyekijua Kitabu Kabla Sijakisoma

Wiki iliyopita nilikwenda Bukoba mjini kwa mwanangu, nikamkuta mjukuu kajilaza kochini na riwaya nene ya Kiingereza, imejaa miungu ya radi, ya bahari na ya kuzimu, iliyookotwa kila pembe ya dunia. Nikaitazama kwa jicho la pembeni. Usinicheke, rafiki yangu. Kitabu kama hicho kiliwahi kuingia nyumbani kwetu Buganguzi, na mpaka leo sijakisamehe, wala sijajisamehe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami niko darasa la saba. Aliyeniazima ni mwalimu wetu, ambaye siku za juma alishika chaki na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa zilinuka mafuta ya taa. Kilisimulia habari za kijana aliyezunguka nchi za miungu ya mataifa yote, ya Wagiriki, ya Wahindi, ya watu wa kwenye theluji, akimtafuta dada yake aliyekufa. Mwalimu alisema kitanikuzia Kiingereza.

Mchana nilimsomea Bibi, yeye akimenya ndizi karibu na mlango, miguu kainyoosha juu ya nyasi mpya tulizotandaza sakafuni, maharage yakitokota nyuma yetu. Nasoma sentensi, naigeuza Kihaya. Bibi hakujua hata herufi moja. Lakini siku kijana aliposhuka kwa mfalme wa kuzimu, akapewa ng'ombe na mbegu aondoke nazo, Bibi akasema bila kuinua macho, "Asisahau kurudi kushukuru. Akisahau, atatumiwa Kifo mpaka mlangoni kwake."

Nikafunua ukurasa. Mawe, mama yangu wee! Ndivyo ilivyoandikwa.

Machale yakanicheza. Kajuaje? Siku zilizofuata nikawa namtega: nasoma nusu, nanyamaza, yeye anamalizia. Mara tatu akapatia. Bibi yangu, Mlutheri asiyekosa ibada, anazijua habari za kuzimu kana kwamba aliwahi kukaa huko! Nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba wapo wabatizwa wanaohudumia mizimu kwa siri huko migombani. Nikaanza kumchunguza. Akienda kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, peke yake, namfuata kwa kunyata. Akinipa chakula, nanusa kwanza. Aibu iliyoje! Mwanamke aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Siku moja Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa niisimulie sura ile ya kuzimu kwa Kiingereza. Nikapigiwa makofi. Baadaye akaniuliza nani alinisaidia kuielewa, na hapo mdomo ukaniponza.

"Bibi," nikasema. "Anayajua yote hata kabla sijasoma."

Mwalimu akaacha kutabasamu.

Jumapili iliyofuata jina la Bibi likasomwa kanisani. Ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu mambo ya mizimu. Na hadithi ilikuwa ileile! Mdomoni mwangu, kwa Kiingereza, ilikuwa elimu. Mdomoni mwa Bibi, kwa Kihaya, ikawa ushenzi. Hayo niliyawaza nikiwa mtu mzima. Siku ile niliinamisha kichwa tu kwenye benchi.

Wazee wa kanisa wakamwambia asimame atubu, yaishe. Akakataa. "Hadithi ya mfalme wetu aliyeshuka kuzimu nilisimuliwa na bibi yangu, tukimenya ndizi hivi hivi. Nitunge dhambi ili nisamehewe?" Hakuuliza nani aliyemsema. Alinitazama, nikajua ameshajua. Nikaenda kwa Mwalimu nikilia, nikamwambia nimekosea. Akanijibu kwamba mtoto hajui hila za wazee.

Nikarudi kwenye kitabu, nikakaa karibu na mlango kama zamani. Nikamwuliza Bibi, huyo mfalme wa kwetu aliyepewa ng'ombe na watu wa kuzimu, mwisho wake ulikuwaje?

"Mimi sijui kitu, mwanangu. Soma kitabu chako."

Basi nikasoma makosa makusudi. Nikasema kijana alisahau kushukuru, na hakuna aliyemfuata, akaishi raha mustarehe. Kisu cha Bibi kikasimama. Nikangoja anikemee. Nilitamani sana anikemee!

"Kama kimeandika hivyo, ni hivyo," akasema, akaendelea kumenya.

Alifariki mwaka uliofuata akiwa bado ametengwa. Kengele haikugongwa. Tulimzika kibanjani, majirani wakisimama mbalimbali, kila mmoja akiangalia nani anamwona.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Ngenge, nikaenda mpaka Rubafu, kila nilipokuta vikongwe nikawauliza mwisho wa yule mfalme. Walikuwa wakinitazama usoni, kisha wanautazama mkoba wangu wa vitabu. "Hatujui kitu, mama," wananijibu, na kunikaribisha ndizi. Siwalaumu. Hata mimi, ningekuwa wao, mtu kama mimi nisingemwambia.