Sanduku la Hajja

Siku hiyo tulikuwa uani, mimi na Hajja, tukitunga mabiringanya uzini. Yeye alikuwa akiyakata vichwa na kuyakomba ndani kwa kijiko kirefu, mimi natia sindano na kuvuta uzi. Mabiringanya ya kutosha kulisha harusi! Yakishatungwa yanaanikwa juani mpaka yakauke kabisa, kisha yanawekwa kungoja baridi, ndipo yarowekwe na kujazwa wali na nyama.

"Hajja," nikamwambia, "kwetu Likoni ukitaka biringanya unakwenda sokoni."

"Na theluji ikiziba mlango, unakwenda sokoni vipi?"

"Theluji yetu iko kwenye friji."

Akacheka mpaka kijiko kikamtoka mkononi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, miguu imemchoka, ulimi haujachoka hata kidogo. Jina langu, Mwanaisha, lilimshinda kutamka, akaniita Aisha, na mie nikaitika.

Hajja alikuwa mamake madam wangu. Madam Rima na mumewe, niliyemwita Sir, walikuwa wakikaa Dubai, mtaa wa Al Muraqqabat, na mimi nilikuwa mfanyakazi wao wa ndani. Siku moja madam akaniambia mama yake yuko peke yake kule Halab, Syria, na hataki kabisa kuhama. Niende nikamwangalie miezi mitatu. Tiketi ilikuwa imeshakatwa. Kazi hii ndivyo ilivyo, unaulizwa ukiwa umeshafungasha.

Rafiki yangu Njeri, aliyekuwa mlinzi wa hoteli moja mtaani huo huo, mzaliwa wa Kinangop kwenye baridi ya milimani, alinitolea sweta lake. "Wewe mtu wa coast utajua baridi wapi?" akaniambia. "Utakufa hiyo siku ya kwanza, na bado sijakudai hiyo sweta." Tulicheka sana.

Maneno ya vita tulikuwa tukiyasikia kwenye televisheni, katika miji mingine. Hajja alikuwa akizima. Halab ni mji wa wafanyabiashara, akisema, hauna wakati wa ujinga.

Mabiringanya yalikuwa hayajakauka ujinga ulipofika.

Kwanza ilikuwa risasi za mbali, asubuhi. Kisha za karibu, wakati wowote. Kisha helikopta. Wiki ya pili nyumba ya mwisho wa kichochoro chetu ikaanguka, vumbi likaingia mpaka ndani ya sukari.

Niliacha kulala chumbani. Tukahamia chumba cha chini, kisicho na dirisha la nje.

Madam alikuwa akipiga simu kila mtandao uliporudi. Miezi mitatu ikapita. Sir anashughulikia karatasi zako, akisema. Barabara imefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, subira Aisha, inshallah. Pasi yangu ilikuwa Dubai kwenye droo ya Sir, maana alinisindikiza mwenyewe na kurudi nayo. Hata ningepata njia ya kukimbia, ningekimbia kama nani? Nililia, nikamtukana madam kwa Kiswahili huku nafua nguo za mamake. Hajja akaniuliza naimba nini.

Halafu ikaja baridi.

Mie baridi niliyoijua ni ile ya Julai Mombasa, tunapojifunika leso mbili na kulalamika. Ya Halab ni kitu kingine, jamani. Inaanzia sakafuni, inapanda magotini, inakaa kwenye meno. Maji ya kutawadha yanaganda ndooni. Wao wana jiko la chuma la kupashia nyumba, wanaliita soba, lina bomba la kutolea moshi na linakunywa dizeli. Dizeli haikuwepo. Umeme haukuwepo. Abu Samir, jirani yetu, fundi viatu, alitutobolea soba kwa mbele ili itie kuni, na kuni zenyewe zikawa chochote kinachowaka.

Tulichoma makreti ya matunda. Tukachoma viti, kabati la jikoni, mlango wa choo. Tukachoma viatu vya marehemu mumewe, na moshi wake ulitutapisha.

Usiku tulilala kitanda kimoja, nami nikimsikiliza ili nisisikie ya nje. Alinipa mji wake wote kwa mdomo. Sinema aliyopelekwa siku ya uchumba na mchumba wake, shangazi wawili wamekaa katikati yao. Hamamu ya wanawake, walikoshinda siku nzima na masufuria ya chakula. Mwaka theluji ilipofika kiunoni, watoto wakaichota bakulini, wakaimwagia asali ya zabibu na kuila. "Baridi ilikuwa hii hii," akasema, "lakini tulikuwa na mahali pa kutoka na mahali pa kurudi."

Kikabaki kitu kimoja cha mbao. Sanduku lake la harusi, la mti wa jozi, zito, watu wanne hulibeba kwa shida, lenye nakshi za chaza. Ndani mna mashuka aliyoyatarizi akiwa mwari. Lilikuwa la kumrithisha Rima, na Rima alilijua hilo. Siku moja simu iliposhika, akaniambia: "Choma chochote, Aisha, lakini sanduku la mama usiliguse. Niapie."

Nikaapa, wallahi. Nani hajui kuapia simu?

Siku ile nisiyoisahau ilianza jioni ya kuamkia. Kuni ziliisha. Abu Samir alikuwa ameahidiwa dizeli kidogo na mtu wa mtaa wa pili, kesho au keshokutwa. Hajja alikuwa akitetemeka tangu adhuhuri, mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nilimvisha sweta la Njeri juu ya makoti yake mawili.

"Aisha," akasema, "lichome sanduku."

"Madam amekataza."

"La kwangu mimi, si la Rima."

"Nimeapa, Hajja. Kesho Abu Samir analeta mafuta."

Akaugeukia ukuta. Nilimkumbatia tukalala.

Alfajiri aliniamsha. "Lichome," akasema. Sauti ilikuwa nzito, maneno yanakwaruzana. Nikamwambia subira, Hajja.

Baada ya kuswali nilimkuta ametulia. Hatetemeki.

Nikamshukuru Mungu.

"Nasikia joto," akasema, akaanza kulivua sweta. Nikamsaidia. Kwetu mtu akisema ana joto unampunguzia nguo. Nikamvua sweta na koti moja, nikamkunjia blanketi miguuni, nikambusu kichwa, nikaenda foleni ya mkate nikiwa na furaha.

Kwenye foleni likaanguka bomu mtaa wa pili. Tukalala chini.

Likaanguka jingine.

Tulizuiwa kwenye ngazi za jengo la jirani mpaka karibu na adhuhuri. Niliporudi na mikate miwili, Hajja alikuwa amelala na mikono imefunguka, hana pumzi. Alikuwa ametupa hata ushungi.

Alasiri Abu Samir akagonga mlango. Mkononi ana dumu la dizeli.

Tuliitia kwenye soba ile ile, tukapasha maji ya kumwoshea.

Karatasi zangu zilichukua miezi saba tena. Sanduku lilipelekwa kwa lori na meli na wapwa zake Sir, na vibali vyake vilipatikana upesi kuliko vyangu. Nilipofika Dubai nililikuta limeshatangulia, sebuleni, katika nyumba yao mpya ya Jumeirah Village Circle, limepigwa vanishi.

Madam alinishika mabega. "Alikufaje?"

"Alilala tu, madam. Mwenyewe alisema anasikia joto."

Akalia kwa nafuu. Sikumdanganya. Ndivyo nilivyojua, na nilijivunia kwamba hakufa akitetemeka.

Ijumaa moja tulikuwa mtaa wa Satwa na Njeri, tunakula chapati kwenye kibanda cha chai jirani na mafundi cherehani. Nikamhadithia. Nilipofika pale Hajja alipoacha kutetemeka, Njeri akaweka kikombe chini.

"Na ukafanya nini?"

"Nikamvua sweta. Si alisema ana joto?"

Akaisukuma sahani yake kando. "Mwanaisha," akasema pole pole, "tulifunzwa kwa ile training ya huduma ya kwanza. Mtu wa baridi akiacha kutetemeka ndio unafaa kuogopa. Hiyo joto ni mwili unamdanganya."

Sikumaliza chapati. Nikamkasirikia Njeri wiki nzima, kama kwamba yeye ndiye aliyemvua.

Basi toka hapo sebule ile ikawa adhabu kwangu. Kila Januari Madam Rima aliwakusanya watu wa Halab waliotapakaa Dubai. Walishusha kiyoyozi mpaka wakavaa masweta, wakanywa chai yenye mdalasini, wakaukumbuka mji wao. Sinema. Hamamu. Theluji na asali ya zabibu. Kila mmoja na nyumba ya babu yake, zote zilikuwa na chemchemi uani, ebo, hakuna hata mmoja aliyekuwa na babu maskini. Na vikombe vyao waliviweka juu ya sanduku. Mie ndiye niliyekuwa nafuta alama za vikombe.

Mwaka wa tatu alikuwepo mzee mmoja, daktari wa meno, aliyehamia Dubai kabla hata vita havijanukia. Akasema baridi ya Halab ilikuwa baridi ya heshima, baridi ya kuwaleta watu pamoja. Kisha akanigeukia na trei yangu.

"Na Aisha ni wetu, ameionja! Waambie, binti. Si ilikuwa tamu?"

Damu ilinipanda, nasema kweli. Nikaiweka trei juu ya sanduku.

"Hajja alikufa kwa baridi," nikasema.

Hakuna aliyenielewa. Nikarudia. Nikawaeleza viatu vya marehemu, mlango wa choo, dumu la Abu Samir. Nikawaeleza sweta. Kisha nikagonga kifuniko kwa kidole. "Na hili lilikuwepo. Aliniambia nilichome."

Madam akasimama. "Mama alisema lichomwe?"

"Mara mbili."

"Na wewe?"

"Nikamwambia madam amekataza."

"Ulinisikiliza mimi?" akapiga kelele. "Mimi niliyekuwa huku, mbali, nimekaa kwenye joto! Yeye yuko mbele yako anakufa, unanisikiliza mimi?"

Ningeweza kumjibu pasi yangu ilikuwa kwenye droo ya nani. Nilikuwa nimelitayarisha jibu hilo miaka. Lakini Hajja hakuniuliza habari ya pasi, aliniomba moto.

"Nilikuwa mfanyakazi wako," nikasema.

Wageni waliondoka mmoja mmoja, wanatafuta viatu kimya kimya. Sir, maskini, alijaribu kutupoza wote wawili. "Khalas, basi, Rima. Sanduku la zamani, mbao kavu. Lingewaka saa moja likaisha. Lisingemsaidia kitu. Msijitese."

Lo, nililishika neno lile! Usiku ule nililala nalo. Saa moja tu. Lisingesaidia.

Madam hakulishika. Siku tatu chakula chake alijipakulia mwenyewe. Ijumaa, jua halijachomoza, akaja mlangoni kwangu amevaa koti. "Yalla, twende, Aisha. Chukua shoka la Sir."

Sanduku lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikapu, mashuka ameyatoa. Tulikwenda nje ya mji, jangwani, wanakokwenda watu kuchoma nyama msimu wa baridi. Tukalishusha kwa kuliangusha, maana tulikuwa wawili. Pigo la kwanza alipiga yeye. Kisha mikono ikamwisha nguvu, nikapasua mimi, nakshi za chaza zinaruka mchangani.

"Usirundike," akasema. "Tia kama ungekuwa na soba."

Nikafahamu alichotaka kujua. Nilitia kipande kimoja, kikashika, nikangoja kiwe kaa, nikatia kingine. Mti wa jozi hauna haraka. Unawaka kwa ndani, mwekundu, hauna moshi. Madam alikaa chini na saa yake mkononi. Ilifika saa tatu. Ilifika saa tano. Watu waliokuja kupiga kambi walitutazama, wanawake wawili na rundo la mbao, wakapita.

"Ulikwenda kwenye mkate saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa moja."

"Ukarudi?"

"Karibu na adhuhuri."

Adhuhuri ilipoingia nilikuwa na ubavu mzima wa sanduku sijaugusa. Niliomba uishe. Wallahi niliomba mbao zile ziteketee upesi, na nikatia vipande viwili viwili, madam akanishika mkono, akakitoa kimoja kwa vidole vyake.

Alinimegea mkate aliokuja nao. Tukala bila kutazamana. Si kwamba tulisameheana, sijui nani angemsamehe nani, na mwenye haki hiyo alikwisha kuoshwa kwa maji ya moto, akazikwa.

Simu yake ikaadhini alasiri. Kipande cha mwisho nilikuwa nimekitia muda mfupi tu uliopita. Madam akanyoosha mkono juu ya makaa, akauacha pale.

"Bado lina moto," akasema.

"Ndiyo, madam," nikamjibu. "Wakati kama huu ndipo Abu Samir alipogonga mlango."