Figa la Bibi Mbeho

Jiwe moja katika nyumba yetu halikuwa letu. Baba alipoinunua nyumba ile ya Dodoma, wakati wa Mdachi, alinunua kuta, zizi la mbuzi na paa lililokwisha kuota nyasi. Lakini mwenye nyumba, mjane wa Kigogo aliyeitwa Bibi Mbeho, alichukua mafiga mawili na kuliacha la tatu katikati ya jiko. Alikuwa anahamia Bahi kwa binti yake. "Hili lisubiri," alisema. "Wakinipa pa kupikia, nitalifuata. Wasiponipa, nitajua pa kurudi." Baba akakubali. Mama, aliyeifuata reli kambi baada ya kambi na kunizaa katika kibanda cha majani, alingoja bibi aondoke ndipo akauliza, "Sasa tumeuziwa nyumba au tumekaribishwa?"

Ilikuwa tembe, ndefu na ya chini, paa lake bapa la udongo juu ya miti. Nikifumba macho naipata harufu yake: samadi mbichi, majivu, na moshi wa miaka mingi uliokolea kwenye boriti. Baba alikuwa seremala wa reli, akaitengeneza kidogo kidogo siku za Jumapili. Alianza na nguzo zilizoliwa na mchwa, kisha mlango. Mimi na mama tulikanda udongo na samadi, tukapaka ukuta mmoja mmoja. Jikoni mama hakupagusa. Alipikia uani, akisema hawezi kupamba chumba cha watu. Ndipo baba akakosea. Kwa kuchoka kugonga kichwa kila akiingia, aliunyanyua ukuta wa mbele, na paa likainamia nyuma. Mvua ya kwanza iliuteremsha udongo wote, tukalala tukitazama mawingu kati ya miti.

Siku chache baadaye Bibi Mbeho alitokea na kambale wakavu wa Bahi. Alilitazama paa, akacheka mpaka akakaa chini. "Mbukwa, fundi!" alisalimu kwa Kigogo. "Umeinamisha nyumba ikanywe maji?" Alikaa nasi siku tatu. Alimfanya baba aushushe ukuta, akatuletesha udongo wa kichuguu, tukaupiga kwa mbao mpaka ukashikamana. Siku ya pili mama alimuuliza, "Umelifuata figa, bibi?"

"Bado, mwanangu. Kule nakula, sijapika."

Mama aliingiza mafiga yake mawili kutoka uani, akayapanga pamoja na lile la bibi, akawasha moto, akampa mwiko. Bibi alipoondoka, mama alilipaka jiko udongo mpya, kuta zote nne.

Kisha vita vikaja. Askari walichukua ng'ombe na nafaka, njaa ikafuata, na Bibi Mbeho hakuonekana tena. Kila mwaka kabla ya mvua mama alipanda kulipiga paa. "Akija asitucheke," alisema.

Leo tembe haipo. Nimejenga palepale kwa matofali na bati. Hakuna anayegonga kichwa, ila mvua ikinyesha husikii mtu akipiga hodi. Bahi nimekwenda kuulizia mara mbili. Mmoja alisema bibi alikufa kwa njaa ile; mwingine, kwamba alionekana mara ya mwisho akishika njia ya Dodoma. Jana fundi alimaliza kumwaga saruji jikoni, isipokuwa pale lilipo figa la bibi. Ameniuliza alitoe au alizungushie. Nimemwambia, "Hili lisubiri."