Mate ya Kinyonga

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, huko Kaptembwo, nilimtoa kinyonga kwenye ua na kumtembeza mkononi ili wenzangu wanione shujaa. Wote walitimua mbio. Wiki hiyohiyo viganja vyangu na mikunjo ya viwiko vikaanza kuwasha, ngozi ikapasuka na kutoa majimaji, na mtaa mzima ukajua sababu: kinyonga amenitemea mate, na atakayenigusa atabambuka kama mimi.

Leo najua ngozi yangu ilikuwa kavu tangu nikiwa mchanga, na kwamba vumbi na baridi ya Julai vingenifikia hata bila kinyonga. Lakini wakati huo nani angemwambia nani? Jumapili kanisani, tulipoambiwa tushikane mikono tuseme neema, Naliaka, msichana aliyesimama kando yangu, alivuta mkono wa sweta hadi ukafunika vidole, akanipa ncha yake nishike. Nilishika sweta nikasema neema pamoja na wengine. Nilikuwa mpweke, na sikujua hata namna ya kulisema hilo.

Nyanya, aliyenilea, hakuwa mtu wa kukaa akilia. Kila jioni alichemsha maji, akatia magadi, yaleyale aliyolainishia mboga za kienyeji, akanisugua kwa kipande cha gunia ili ayatoe mate ya kinyonga. Nilipiga mayowe. Usiku nilijikuna hadi shuka ikapata madoa ya damu. Kadiri nilivyozidi kuharibika ndivyo alivyozidisha magadi, akisema mnyama huyo ana kichwa kigumu.

Mwishowe vidonda vikatunga usaha, akanipeleka zahanati. Nesi alipotaka kunishika mikono, Nyanya akamzuia.

"Vaa glavu, daktari. Hii kitu inashika."

"Haishiki, shosho. Hii ni ekzema, yaani ukurutu. Unamwosha na nini?"

Nyanya akamwambia, tena kwa fahari kidogo. Nesi akashusha pumzi, akamweleza polepole: maji vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kumkausha bila kumsugua, kisha kumpaka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, hata yale ya kukamulia ng'ombe. Kucha ziwe fupi, na fulana ya pamba ikae chini ya sweta. Akatupa dawa ya vidonda na nyingine ya kupaka siku ambazo ukurutu umechachamaa. Halafu akauliza, "Na wewe, kama uliamini inashika, glavu zako zilikuwa wapi?"

"Mimi nimezeeka," Nyanya akasema. "Inishike tu."

Sikulitilia maanani jibu hilo. Nilikuwa na hasira ya magadi. Ngozi ilitulia baada ya majuma kadhaa, na majirani wakampongeza Nyanya kwa kumshinda kinyonga. Hakuwakanusha, mzee yule. Naliaka aliendelea kunipa sweta hadi tulipohama.

Sasa naishi peke yangu, mtaa wa Free Area, na ukurutu hunitembelea kila baridi inapoanza. Tumezoeana. Naoga haraka, najipaka mafuta kabla sijakauka, najizuia kujikuna. Ila mgongoni sifiki vizuri, na hapo ndipo ninapomkumbuka Nyanya. Alikosea kila kitu kuhusu ngozi yangu, na aliniumiza sana. Lakini mwaka ule, katika mtaa uliojaa watu, mikono iliyonigusa ilikuwa miwili tu, na mwenyewe aliamini kwamba itambambuka. Sikumshukuru hata mara moja.